Wati 500 za Karatasi

Mtu akikupa elfu thelathini akakwambia, "Nichagulie kompyuta," amekukabidhi vitu viwili: pesa zake, na yale asiyoyajua. Pesa mtazihesabu pamoja, noti kwa noti, au simu italia na kuonyesha kiasi. Kile kitu cha pili hakihesabiki wala hakina risiti, na ndicho kinachonishughulisha hapa. Katika bajeti ndogo lazima ubane mahali. Haiwezekani kila sehemu iwe nzuri. Basi unabana wapi, na pale ulipobana ataumia nani?

Naandika nikiwa Awendo, ambako ukitaja Sony hakuna anayefikiria televisheni. Sony kwetu ni kiwanda cha sukari, South Nyanza Sugar Company, na pesa nyingi za mji huu bado zina harufu ya miwa. Hilo si pambo. Miwa iliyopandwa upya huku hukaa shambani kama miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa. Kwa hiyo elfu thelathini ya mkulima si mshahara ambao ukipotea utangoja mwisho wa mwezi mwingine. Ni pesa iliyokaa ardhini muda wa mimba mbili. Ikiharibika, haiundwi tena kesho.

Anayeileta mjini kununua kompyuta mara nyingi anataka kufungua saiba, au kumfungulia mtoto aliyemaliza shule na bado hajapata kazi. Biashara yenyewe haina maajabu: kutoa kopi, kuchapa picha ambazo walimu wa CBC wanaagiza saa mbili usiku, eCitizen, maombi ya HELB na KUCCPS, PIN ya KRA, na ile mbio ya kila mwaka ya kujaza marejesho ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni. Hakuna kazi hapo inayohitaji kompyuta yenye nguvu. Inayohitajika ni mashine isiyokufa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozaa matatizo yote, kwa sababu nguvu huandikwa kwenye tangazo, lakini kutokufa hakuna mahali kunapoandikwa.

Kwa bajeti hiyo njia ni mbili. Ya kwanza ni mashine ya ofisi iliyotumika ng'ambo, ile tunayoiita ex-UK hata kama imetoka Ujerumani au Dubai: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Hufika Nairobi kwa kontena, hupanguswa vumbi, kisha huja huku na gari la usiku. Ya pili ni kuunda mwenyewe. Unanunua kasha, bodi, prosesa, RAM na diski, kila kimoja mahali pake, Luthuli Avenue au Kisii, kisha unaziunganisha. Siku hizi kuna bodi mpya kutoka China zenye chipu ya H61, chipu iliyotoka mwaka 2011, na zinapokea prosesa za Intel zilizong'olewa kwenye mashine kuukuu. Zinafanya kazi, sitazitukana. Ukiitia moja kwenye kasha lenye kioo ubavuni na feni zinazowaka rangi saba, mteja anadhani umemletea chombo cha kwenda mwezini.

Kasha hilo la kioo huja na pawa saplai ndani, "ya bure". Hapo ndipo pa kusimama kidogo.

Pawa saplai ni lile sanduku la bati nyuma ya kompyuta ambalo waya wa ukutani huingia. Hakuna mtu huulizia habari zake. Wateja huuliza RAM ni ngapi, diski ni ngapi, prosesa ni i ngapi. Wachache walioelimika zaidi huuliza kizazi. Sijawahi kukutana na mteja aliyeanza na pawa saplai. Lakini kila kitu kingine ndani ya kasha kinakula kupitia kwake. Stima ya ukutani ni volti 240, na inageuka mwelekeo huku na huku mara 50 kwa sekunde. Kompyuta haiwezi kunywa hiyo. Inataka volti 12, 5 na 3.3, za mwelekeo mmoja, zilizotulia kama maji ya mtungi. Kazi ya kutuliza ni ya hilo sanduku. Na likishindwa, kinachopita upande wa pili hakipigi hodi.

Sasa ona mtego ulivyo. Pawa saplai iliyo ndani ya OptiPlex 9020, ile ndogo ya kulala mezani, imeandikwa wati 255. Ile ya bure ndani ya kasha la kioo imeandikwa 500. Mteja yeyote mwenye akili zake timamu atasema 500 ni bora kuliko 255, na shule imemfunza hivyo. Ukiifungua ile ya 500, ile ya bei ya chini kabisa, mara nyingi unakuta bodi yenye alama zilizochorwa mahali pa koili na kapasita za kuchuja umeme, na pale palipochorwa koili pamewekwa kipande cha waya tu, kimeruka kutoka tundu hili hadi lile. Aliyechora aliziweka. Aliyepiga hesabu alizitoa. Zile 500 ni za stika. Ni wati za karatasi.

Kinachoudhi ni kwamba mashine inawaka. Inafanya kazi vizuri tu. Kompyuta ya saiba inayofungua eCitizen na kuchapa barua haifiki wati 100 muda mwingi, kwa hiyo ule uongo wa 500 haupati siku ya kupimwa. Unaweza kukaa mwaka. Unaweza kukaa miaka mitatu. Halafu jioni moja mvua inakuja kutoka upande wa ziwa, radi zinapiga vile zinavyopiga katika nchi hii yetu ya Kisii na Migori, stima inapotea, inarudi, inapotea, inarudi na nguvu. Pap. Asubuhi mwenye saiba anabonyeza na hakuna kinachoitika. Pawa saplai imekufa, na kuna siku inakufa ikiwa imeshika mkono wa bodi na diski.

Watu watasema nini? Watasema ni stima. Mwenye saiba atasema hivyo, jirani atasema hivyo, na fundi aliyemchagulia atatikisa kichwa kwa huruma na kusema hivyo pia. Na hakuna atakayekuwa amedanganya, maana ni kweli stima ilirudi vibaya. Ila kuna mashine nyingine mtaa huohuo, kwenye laini hiyohiyo, zilizopigwa na stima hiyohiyo na asubuhi zikawaka.

Nimelifikiria hili muda mrefu. Huwa tunasema mji mdogo unaweka watu waaminifu. Luthuli muuzaji hakujui na hutamwona tena. Awendo utakutana naye kanisani, sokoni, kwenye matanga. Akikuuzia kibodi yenye herufi mbili zisizobonyezeka, kesho kutwa mji mzima unajua. Hiyo ni kweli kwa kibodi. Kwa pawa saplai sivyo. Kasoro yake huja imechelewa, na ikija inakuta mshtakiwa mwingine yuko tayari kizimbani. Sifa ya mtu mjini hulinda wateja dhidi ya makosa yanayoonekana tu. Kuna sehemu moja ndani ya kasha ambako lawama haifiki, na huko ndiko fundi anabaki peke yake na dhamiri yake.

Plato, katika kile kitabu cha Jamhuri, anamweka Glaucon asimulie kisa cha mchungaji wa Lydia aliyeokota pete. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Mchungaji akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Glaucon anauliza, mtu mwenye pete kama hiyo ana sababu gani ya kubaki mwema? Watu husoma kisa hicho kama ndoto ya kale. Mimi naona Plato alitia chumvi isiyohitajika. Hakuna haja ya pete, wala malkia. Fundi wa kompyuta katika mji ambao stima inapotea ana pete yake tayari, na inamletea faida ya elfu moja mia tano hivi kwa kila mashine. Majaribu ya kweli huja kwa vipimo hivyo. Huombwi umuue mfalme. Unaombwa tu usitaje kitu ambacho hakuna aliyekiuliza.

Tena si lazima fundi awe mchoyo ndipo anyamaze. Mwanauchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na alichokiona ni hiki: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, anatoa bei ya katikati kwa yote, mwenye gari zima anaona bei hiyo haimfai, anaondoka sokoni, yanabaki mabovu. Ukiweka pawa saplai ya maana, mashine yako inapanda bei kuliko ya jirani, na kwa macho ziko sawasawa. Kwa kweli ya jirani inapendeza zaidi, ina taa. Kwa hiyo fundi mwaminifu anaweza kula njaa kwa ajili ya kitu ambacho hakuna atakayejua kwamba alikifanya.

Wala tusidhani haya ni mambo ya mafundi wa vibanda vya mabati. Hiyo OptiPlex ninayoisifu ina historia yake. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005, Dell iliuza OptiPlex zaidi ya milioni 11 ambazo zingeweza kuwa na kapasita mbovu kwenye bodi, zile zinazovimba kichwani na kuvuja. Kapasita zenyewe zilitoka kwa mtengenezaji mwingine, na kampuni nyingine za kompyuta nazo ziliumwa na tatizo la namna hiyo miaka hiyo. Lakini stakabadhi za kesi moja iliyofunguliwa North Carolina mwaka 2007 zilipowekwa wazi mwaka 2010, gazeti la New York Times lilionyesha kwamba wafanyakazi wa Dell walikuwa wameelekezwa wasiwe wa kwanza kuwatajia wateja jambo hilo. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipouliza kwa nini mashine zake zinakufa, iliambiwa zimechoshwa na hesabu ngumu. Hesabu ngumu! Sisi tuna stima, wao walikuwa na hisabati. Kila mahali pana mshtakiwa wake wa karibu.

Kumbuka kwamba wateja wa Dell hawakuwa wakulima wasiojua bodi ni nini. Walikuwa maprofesa, kampuni kubwa zenye mawakili. Kwa hiyo elimu peke yake haimwokoi mnunuzi. Aliyeumba kasoro, au aliyeiona, huwa mbele kwa hatua moja kila mara.

Je, ni lazima asiyeulizwa aseme? Swali hili ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kuhusu mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Anajua kwamba merikebu nyingine zenye nafaka ziko njiani. Watu wa Rhodes hawajui. Awaambie, bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anaweka wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji akitimiza sheria na asidanganye, anaweza kunyamaza. Kunyamaza si kuficha. Antipater anasema hapana, sisi ni binadamu wenzao, tunadaiwa kuwaambia. Cicero mwenyewe anasimama na Antipater. Kwake, kunyamaza kunageuka kuwa kuficha pale unapotaka mwenzako abaki hajui, kwa sababu kutojua kwake kunakuletea faida.

Katiba yetu ya mwaka 2010 iko upande huohuo. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na alichonunua. Halafu unageuza risiti yoyote ya duka na unasoma kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Vitu viwili hivyo vinaishi katika nchi moja, na mara nyingi kwenye kaunta moja.

Kwa muda mrefu jibu la Cicero lilinitosha: sema, umemaliza. Siku hizi naona kusema ndio mwanzo tu.

Kuna mama mmoja wa hapa aliyekuja na pesa ya miwa, anataka saiba ya binti yake. Alikuwa ameiona ile ya taa na ameipenda. Ningeweza kumweleza koili, kapasita, volti 3.3, na ningekuwa nimesema kila kitu bila kumwambia chochote. Mtu aliyefunikwa na maneno asiyoyajua huitikia tu ili uache kuongea, na ukishaondoka unajiambia, mimi nilimwambia. Kuna "nilimwambia" nyingi za namna hiyo. Daktari humwambia mgonjwa, benki huwaambia wakopaji, kurasa kumi na mbili, weka sahihi hapa na hapa.

Nikamwambia hivi: "Mama, hii ya taa ikifa, inaweza kufa na zingine. Hii nyeusi ikifa, kawaida inakufa peke yake."

Akaniangalia. "Na itakufa lini?"

"Sijui, mama. Labda mwaka. Labda isife."

"Na hizo taa si ndizo zitaita watu?"

Hilo sikuwa na namna ya kulipuuza. Alikuwa sahihi. Barabara yote kuanzia stendi ina saiba, na mtoto wa sekondari ataingia ile inayong'aa. Mimi najua kompyuta. Yeye anajua wateja. Kutojua kwake kuna mpaka, na ng'ambo ya mpaka huo yeye ndiye mwalimu. Mafundi wengi, hata wale wazuri, hukosa kuona mpaka huo. Wanadhani asiyejua pawa saplai hajui chochote.

Mwishowe akachoka, akasema maneno ambayo kila fundi amewahi kuambiwa: "Nyathina, mimi sijui hayo. Wewe chagua vile ungemchagulia mamako."

Yanasikika kama kipimo kizuri kuliko vyote. Nami nakubali kinatupeleka mbali. Mtu hamwekei mamake wati za karatasi. Lakini kina kasoro yake. Mama zetu tunawachagulia bila kuwauliza. Tunawaficha bei, tunawaficha ugonjwa, tunawanunulia simu tunayoitaka sisi kisha tunalalamika hawajui kuitumia. Upendo nao hunyamaza, na ukinyamaza hutoa uamuzi mikononi mwa mwenye pesa sawasawa na ulafi unavyofanya. Huyu hakuwa mama yangu. Alikuwa mtu mzima aliyelima miwa. Nilimdai zaidi ya upendo: nilimdai sababu, kwa maneno ambayo angeweza kuyarudia mbele ya binti yake jioni.

Kwa hiyo tulikaa tukabana pamoja. Kanuni ninayoifuata, na sidai ni ya kila mtu, ni kubana pale ambapo kasoro itajitangaza yenyewe na itaumiza polepole, na kutobana pale ambapo itajificha kisha ije na wenzake. Monita ya mraba ya inchi 17 yenye mkwaruzo: mkwaruzo unauona siku ya kwanza, na siku ya mia ni uleule. Kibodi ya bei ya chini: ikifa unanunua nyingine kesho. Prosesa ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013: ni ya polepole kidogo, na upole wake hauna siri. Mahali pa kutobana ni pawili. Pawa saplai, na mahali data inapolala.

Diski inastahili neno moja. Ile ya zamani inayozunguka huwa inalia kabla ya kufa, inakwaruza, inachelewa, na mwenye masikio anapata muda wa kunusuru faili. SSD ni nzuri zaidi kwa vipimo vingi vingine. Mashine ya miaka kumi ukiitia SSD ya gigabaiti 240 inafufuka kabisa. Lakini sokoni kuna SSD na flashi zilizofundishwa kusema uongo: ndani zina nafasi ndogo, nje zinaiambia kompyuta kwamba zina terabaiti nzima. Unajaza faili, zinapokelewa, kumbe za zamani zinafutwa ili mpya ziingie. Hakuna onyo linalotokea. Kuna programu za bure kama F3 na H2testw zinazojaza diski yote kisha kusoma upya kuona kama kila kitu kimo. Huchukua saa kadhaa, na hakuna mteja anayelipia saa hizo. Mimi naona ni sehemu ya kuchagua, kama vile kugonga tikiti maji ni sehemu ya kulinunua.

OptiPlex pia ina kasoro ambayo haki inanidai niitaje. Dell na HP hutumia soketi zao wenyewe badala ya ile ya kawaida ya pini 24, na maumbo yao wenyewe. Pawa saplai yake ikifa Awendo, hupati nyingine dukani, unaagiza, unangoja. Ile ya kasha la kioo, ikifa, unapata ya kuibadilisha saa hiyohiyo, kama haijaondoka na wengine. Tena ile ya Dell imefanya kazi miaka kumi katika ofisi ya mtu mwingine, na kapasita huzeeka kama sisi. Sikumwambia mama huyo kwamba nyeusi ni salama. Nilimwambia ikifa atakaa wiki bila kazi, na hiyo wiki iingie kwenye hesabu.

Kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi, kwa sababu waliohusika hawakuwa mezani. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa masharti yake haitaki karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane, na inataka ile chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine nyingi za bei yetu haziruki kizingiti hicho. Ndiyo maana zimeshuka bei. Ofisi za huko zinazitoa, sisi tunazipokea. Mwenye saiba anaokoa pesa. Lakini kwenye saiba hiyo atakuja mwalimu kuingiza nenosiri la KRA, atakuja kijana na namba ya kitambulisho, atakuja mgonjwa wa SHA. Hao ndio watakaobeba hatari ya mashine isiyosasishwa, na hakuna aliyewaambia ikifa inakufa na nani. Ukiweka Linux, Ubuntu kwa mfano, masasisho yanaendelea bila malipo, ila utapigana na printa fulani, na fomu ya kodi iliyozoeleka ni ya Excel. Yule binti alikubali kujifunza Linux. Mwingine angekataa, na sijui kama ningekuwa na haki ya kumlazimisha kwa ajili ya wateja ambao bado hawajafika.

Rafiki yangu fundi, mwenye kibanda upande wa soko, hakubaliani nami karibu katika kila mstari. "Omera, wewe unauza hofu," huniambia. Mtu amekuja na furaha yake na taa zake, wewe unamwonyesha kifo ndani ya sanduku. Na anaendelea: ukishamtisha, utamuuzia chochote, UPS, betri, SSD, kila kitu. Anayejua hatari zilizofichika ana nguvu mbili, ya kuzificha na ya kuzipigia ngoma, na zote zinalipa.

Hoja hiyo ni nzito na sijawahi kuimaliza. Nimeona wanaoishi kwa kupiga ngoma. Anafungua kasha mbele ya mteja, anaguna, anatikisa kichwa, na bei inapanda kwa kila mguno. Kwa upande wangu nimeshika njia moja ya kujizuia: natoza ada moja ya kazi, uchague nyeusi au ya taa, uongeze UPS au usiongeze. Faida yangu isipande kwa woga wako. Rafiki yangu anacheka, anasema basi mimi sifanyi biashara. Kuhusu UPS anasema watu wananunua sanduku ambalo betri yake, baada ya miaka miwili mitatu, inabaki kuwa kizito cha kuzuia mlango. Hapo ana ukweli.

Tunachogombana zaidi ni kuhusu kalamu. Kompyuta za huku hazikai na mtu mmoja. Saiba ikifungwa, mashine inauzwa kwa mwanafunzi wa Rongo, kutoka hapo inakwenda kwa duka la dawa Uriri, na kila mnunuzi anaanza upya bila kujua chochote, kama yule wa kwanza. Kwa hiyo nikimaliza kuunganisha, kabla ya kufunga kifuniko, naandika ndani ya bati kwa kalamu nene ya wino: pawa saplai imetumika, imesafishwa, mwezi na mwaka; kapasita mbili zimebadilishwa; diski imepimwa yote. Kama kuna kitu nilichobana kwa makubaliano na mwenyewe, naandika pia.

Rafiki yangu anasema naharibu bei ya mali ya watu. Mashine yenye maandishi hayo, anasema, ikija kuuzwa, mnunuzi atasoma "imetumika" na kuomba apunguziwe, wakati ya jirani isiyo na maandishi, iliyo na hali ileile au mbaya zaidi, itakwenda kwa bei kamili. Nimeliona likitokea mara mbili. Mnunuzi alifungua, akamulika na tochi ya simu, akasoma taratibu mpaka mwisho, akaomba apunguziwe mia tano. Akapunguziwa.